Kabla hujabadili kamera, anza na lenzi

Kama unapiga picha za sendoff kwenye kumbi za Mwanjelwa, Mbeya, na kamera ya Canon 700D ya mwaka 2013, kinachokukera nakijua: ukumbi giza, picha zimejaa chengachenga, bibi harusi akigeuka tu sura imefifia. Wengi wakifika hapo huanza kutafuta bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Nakusihi usubiri kidogo.

1. Lenzi ya 50mm f/1.8, bodi ibaki ileile. Kwangu hii ndiyo ya kwanza, bila wasiwasi. Ile ya 18-55mm iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, kwa hiyo pale ulipopandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga, ukizidi huleta chengachenga) hadi 6400, sasa 800 inatosha. Miaka miwili nililaumu bodi yangu, hadi nilipopiga kipaimara Uyole kwa lenzi hii. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta nilinyamaza kabisa. Ya zamani usiiuze lakini. Kwenye 700D hii ya 50mm inabana, na picha ya ukoo mzima utarudi nyuma hadi mlangoni.

2. Canon 6D iliyotumika. Ni ya 2012, ila sensa yake, sehemu inayopokea mwanga, ni kubwa, ya saizi iitwayo fulu fremu, na gizani inaishinda 700D waziwazi. Lenzi yako ya 50mm itaingia, ya 18-55mm haitaingia. Uliza imepiga picha ngapi, maana shata yake, pazia linalofunguka kila unapopiga, ilipimwa kwa picha 100,000. Kama inauzwa na lenzi, imulike kwa tochi ya simu: huku kwetu, hasa Tukuyu kwenye mvua nyingi, kuvu huota ndani ya vioo.

3. Canon R8 ya 2023, isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Fokasi yake hushika jicho la mtu na kumfuata anapotembea. Kwa video na watoto hakuna mfano. Ukiweka adapta, lenzi zako za zamani zinafanya kazi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei yake kubwa tu. Betri yake ni ndogo, na baridi ya Kitulo mwezi wa sita huimaliza upesi, hivyo beba ya akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

4. Kuhamia Canon 800D. Fokasi ni bora, sawa, lakini kutoka megapikseli 18 kwenda 24 upana wa picha unaongezeka kwa asilimia 16 tu. Muuzaji akikutajia bei ya 6D kwa 800D, chukua 6D.