Injini ya mtambo mkongwe: kabla hujanunua, zunguka nyuma

Juu ya meza yangu kuna washa mbili, vile vibati vya chuma vya umbo la nusu mwezi, zimelika hadi zikawa nyembamba kama kucha. Ziliokotwa ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ya injini ya mtumba niliyoinunulia loda yangu kongwe. Modeli ileile, iliwaka kwa sekunde mbili, moshi hakuna. Wiki chache baadaye ikaanza kuvuja oili kwa nyuma, kisha ikaja kelele. Fundi alipotia mtaimbo kwenye puli ya mbele, kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikaenda na kurudi kama droo ya kabati. Bloku imeliwa, kranki imeliwa. Chuma chakavu.

Kwa hiyo leo usinitegemee kwa nguvu za farasi wala ulaji wa dizeli, hayo kila muuzaji atakuimbia. Mimi nina swali moja tu: injini hiyo inakutana vipi na mtambo wako kule nyuma?

Kranki imelala kwenye bloku ikiwa na uhuru mdogo sana wa kwenda mbele na nyuma, sehemu chache za kumi za milimita, na washa hizo ndizo zinazoizuia isipitilize. Flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki, ikiwa na kina tofauti na ile ya zamani, au bamba linaloshika konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) likiwa limekaa vibaya, konveta inaisukuma kranki mbele saa zote injini ikiwaka. Uhuru unaisha, oili haipati pa kupita, washa zinaliwa. Siku ya kwanza hutasikia chochote. Kwetu dalili ilikuwepo: hauzingi mbili, yaani makasha ya chuma, moja la nyuma ya injini na moja la mbele ya giaboksi, zilipokutanishwa zilibakiza mwanya wa milimita kadhaa. Fundi akasema, "Usijali dada, boliti zitaivuta." Zikaivuta kweli.

Hauzingi hizo zina namba za SAE, kipimo cha kimataifa cha ukubwa wake, na namba inavyokuwa ndogo ndivyo duara linavyokuwa kubwa. SAE 1, 2 na 3 zote zina matundu 12 ya boliti, kwa hiyo anayekuambia "nimehesabu boliti, zinalingana" hajakuambia kitu. Pima kipenyo cha duara la ndani: SAE 3 ni milimita 409.6, SAE 2 ni 447.7, SAE 1 ni 511.2. Halafu pima kina, kutoka uso wa hauzingi hadi pale bamba linapofungwa kwenye flaiwili, kwenye injini ya zamani na kwenye hiyo mpya. Hapo ndipo mimi niliposhindwa, maana namba ya SAE ilikuwa sawa kabisa.

Kisha chukua geji ya mshale, iegeshe kwenye puli, sukuma kranki mbele na nyuma kwa mtaimbo, andika kipimo. Funga injini na konveta, kaza kila boliti, pima tena. Kipimo kikipungua, fungua. Usiwashe "kujaribu kidogo".

Sasa nipange njia zako, kuanzia iliyo bora. Nafasi ya kwanza, na inaniuma kuisema kwa sababu ndiyo niliyoidharau, ni kufanyia oveholi injini yako mwenyewe kama bloku haina ufa. Flaiwili ni ileile, hauzingi ni ileile, nyuma hakuna kitakachokushangaza. Injini kama Caterpillar 3306, ambayo imo kwenye mitambo mingi ya zamani, ina slivu, mabomba ya ndani ambamo pistoni zinapita, zinazotolewa na kuwekwa mpya, kwa hiyo silinda zilizolika si mwisho wa dunia. Jua tu kilichoiua kwanza. Rejeta iliyoziba ikibaki pale, itaua na ya pili.

Ya pili ni kuachana na injini ya asili na kuweka Cummins 6BT. Ndiyo, naipendelea, wala sijifichi. Silinda sita, lita 5.9, taimingi (mpangilio wa vali na pampu kwenda sawa na kranki) inaendeshwa kwa gia, na ile yenye pampu ya kimakanika haihitaji kompyuta. Waya wa kufungua na kuzima dizeli ukipata umeme, inawaka. Komatsu wenyewe walitumia injini ya ukoo huu, wakiiita 6D102, kwenye ekskaveta za PC200. Hauzingi zake zinapatikana za SAE 2 na SAE 3, kwa hiyo una nafasi ya kulinganisha nyuma badala ya kulazimisha. Watakuambia kuna kipini kidogo kwenye kesi ya gia za mbele kinachoweza kuchomoka na kuangukia kwenye gia. Ni kweli. Kizuie kabla injini haijaingia, ukiwa bado unaifikia kwa urahisi. Watakuambia pia haina slivu, ikilika lazima bloku ichongwe. Nayo ni kweli, na bado ningeinunua. Ila haifai kila mtambo: ukiiweka kwenye buldoza iliyozoea injini ya lita 10, unaitafutia kifo.

Ya tatu, injini iliyojengwa upya kiwandani. Kazi safi, ina dhamana, lakini utaweka amana hadi urudishe injini yako kuukuu, na hapo ndipo vita inapoanzia. Kuukuu yenye bloku iliyopasuka au kranki iliyokatika inaweza kukataliwa, na amana yako ikabaki kwao. Soma masharti hayo kabla ya kulipa, si baada ya lori kuondoka.

Ya nne ni mtumba. Kama imetoka kwenye mtambo wa aina ileile kama wako, sawa. Ya lori inakuja na sampo yake, na mara nyingi gavana yake, kifaa kinachodhibiti mzunguko wa injini, imetengenezwa kudhibiti mwendo wa sailensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa) na mwendo wa juu tu. Hapo katikati inategemea mguu wa dereva. Mtambo wa haidroliki unataka gavana inayoshikilia mzunguko uleule mzigo ukipanda. Ya jenereta nayo imezoea mzunguko mmoja, 1500 au 1800 kwa dakika.

Kopi mpya za bei ya chini? Kama huwezi kupata gasketi yake kwa namba, acha.

Na hawa wauzaji wa mtumba, jamani. Rangi mpya juu ya tope la oili, kibati cha namba kimeng'olewa, "ina masaa machache" ilhali mita ilibaki kwenye mtambo ilikotolewa. Dhamana yao inakufa pale tu unapoifunga injini, yaani kabla hujaweza kujua kama ni nzima. Juzi nilimwomba mmoja anitumie video ya puli ikisukumwa kwa mtaimbo, geji ikionekana. Sekunde kumi tu.

"Dada, unanunua injini au unanunua puli?"

Nikakata simu.