Namba au jina: taunshipu ya Marekani na handredi ya Australia Kusini

Sheria ya ardhi ya mwaka 1785 iliigawa ardhi ya umma ya Marekani katika miraba ya maili 6 kila upande, iitwayo taunshipu, na kila mmoja ukagawanywa vipande 36 vya ekari 640. Mpimaji huanza na kipande cha 1 kwenye pembe ya kaskazini mashariki, huhesabu kuelekea magharibi, kisha hugeuka na kurudi mashariki, kama mkulima anayelima kwa jembe la ng'ombe. Ndiyo maana kipande cha 16, kilichotengwa kwa ajili ya shule, kina cha 9 kaskazini yake na cha 21 kusini. Mraba huo wa upimaji hutambulishwa kwa namba pekee.

Australia Kusini ilianza kutangaza handredi, yaani maeneo yake ya upimaji wa ardhi, mwaka 1846. Eneo lake hukaribia maili 100 za mraba, na ingawa viwanja vya ndani vina namba, handredi yenyewe hupewa jina. Hapo ndipo siasa huingia: sheria ya mwaka 1917, wakati wa vita dhidi ya Ujerumani, ilifuta majina yenye asili ya Kijerumani, hivyo handredi ya Homburg ikawa Haig, na ya Krichauff ikawa Beatty, ilhali mipaka ilibaki ileile.

Kwa anayetafuta shamba kwenye ramani, ninapendelea namba bila kusita. Lakini kwa anayetafuta historia ya wakulima waliolifungua, jina, hata lililofutwa, humfikisha mbali zaidi.