Redio ya gari inakwaruza? Nunua kwa mpangilio huu

Msimu wa korosho ukifunguliwa, redio ya gari huku Mtwara huacha kuwa burudani tu. Bei ya mnada inatajwa, na mtu anayeteremka kutoka Newala anataka kuisikia akiwa bado njiani. Ndipo redio inapoanza kukwaruza. Wengi hukimbilia dukani kununua redio mpya, kisha wanarudi na mkwaruzo uleule ndani ya redio inayong'aa. Na mimi nimo.

Kabla hujatoa hata shilingi, chomeka fleshi usikilize wimbo unaoujua vizuri. Sauti ikipasuka hapo pia, ugonjwa uko kwenye spika au nyaya zake. Ikiwa safi, basi tatizo ni mawimbi: antena au masafa. Halafu zima injini, acha redio ikiwaka. Kama kulikuwa na mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta na sasa umenyamaza, huo ni umeme wa alteneta, mashine inayochaji betri, unaoingia kwenye redio, mara nyingi kwa sababu waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, haujashika vizuri. Chomoa pia chaja ya simu na kamera ya dashibodi. Chaja za bei ya kutupa hupiga kelele kwenye FM kuliko watu wanavyodhani.

Cha kwanza kununua ni antena na viunganishi vyake. Ni rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika. Sisi tunaishi na chumvi. Gari linalolala Shangani au Mikindani hupata kutu kwenye kitako cha antena juu ya paa huku rangi bado inameta. Fungua, sugua, badilisha kilicholiwa. Vile vijiti vifupi kama kidole vinavutia macho, lakini kwa FM ya karibu na megahezi 100 robo ya wimbi, urefu unaoifaa antena ya kijiti, ni sentimita 75, kwa hiyo ukikata urefu unakata na mawimbi. Ukiwa mjini hutaona tofauti. Utaiona barabara ya Lindi, mnara ukibaki nyuma na vilima vikiingia kati.

Magari mengi ya Kijapani antena yake imechorwa kwenye kioo, na ina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Redio mpya hutoa umeme huo kwa waya wa bluu. Fundi aliyenifungia skrini kubwa aliuacha ukining'inia, nikasikiliza chenga wiki tatu nikiilaani redio isiyo na kosa.

Cha pili ni redio yenye masafa kamili, 87.5 hadi 108. Redio za kiwandani za Japani ziliishia megahezi 90, na za karibuni hufika 95, ilhali vituo vyetu vimetapakaa hadi 108. Hapa ndipo pesa kubwa inapofaa kwenda. Usidanganywe na maandishi ya "wati 50 mara 4" kwenye boksi. Nguvu ya kudumu ya redio za namna hiyo huwa kama wati 15 hadi 20 kwa spika. Skrini si kipimo cha usikivu. Redio ya kawaida yenye vitufe, Bluetooth na USB inaweza kukamata vituo vizuri kuliko skrini ya inchi 9, tena jua la mchana halifuti maandishi yake. Mwambie muuzaji aijaribu kwa antena ya gari lako, siyo kwa kipande cha waya kaunta.

Spika nimeziweka nafasi ya tatu, na ni kwa waliofeli jaribio la fleshi tu. Anza na milango ya mbele, ohmu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Za nyuma zisubiri.

Ya nne ni ekspanda, kile kiboksi kinachofungwa kati ya antena na redio ya Kijapani. Kazi yake ni kupunguza namba ya kituo: ikiwa ya megahezi 14, kituo cha 100 unakipata kwenye 86. Ukiwa na redio inayoishia 90, mwisho wako ni 104. Vituo vya juu ya hapo uviage. Na kituo chenye nguvu cha 88 kinaweza kupenya na kugongana na cha 102, kwa sababu vyote viwili vinaangukia namba moja. Inunue tu kama redio ya kiwandani imeshikana na kiyoyozi au kamera ya nyuma na hutaki dashibodi ikatwe.

Mwisho kabisa ni kidude cha tundu la kuwashia sigara kinachorusha nyimbo za simu kwa FM. Hakiponyi redio mbovu. Kinaongeza mtangazaji mwingine ndani ya gari, na ukipita karibu na kituo kinachotumia masafa yaleyale kinamezwa.

Aliyeagiza gari la Marekani akakuta kitufe cha SiriusXM asitafute fundi. Huduma ile ya setilaiti ni ya Amerika Kaskazini, na ukimya wake hapa Mtwara si ubovu. Acheze na FM, aanzie kwenye kutu ya antena kama sisi wengine.