Miezi mitano ya kurekodi gitaa bila amplifaya: Scarlett 2i2, Reaper na NAM

Nakaa Magomeni, nyumba ya wapangaji sita, na ukuta wa pili kuna mtoto mchanga. Amplifaya ya gitaa, hata ile ndogo ya wati 15, haianzi kusema vizuri mpaka uipandishe. Ukiipandisha humo ndani umemwamsha mtoto, na maiki uliyoisimamisha mbele ya spika imenasa jogoo wa mama mwenye nyumba, pikipiki za barabarani na mtu anayechota maji uani. Mwaka jana nilirekodi hivyo. Solo niliyoipenda kuliko zote ina jogoo katikati na hakuna namna ya kumtoa.

Kwa hiyo kwa miezi mitano sasa gitaa langu linaingia kwenye kompyuta kwa waya tu. Mimi ni mpiga ridhimu wa dansi, wakati mwingine solo la pili. Ninayoandika hapa yanahusu gitaa safi, lile la kubembeleza kwenye wimbo na lile la chemko, sehemu ya mwisho inayochangamka. Wapiga roki watanisamehe.

Nilichonacho ni Focusrite Scarlett 2i2 toleo la tatu, kile kisanduku chekundu cha kampuni ya Uingereza kinachoingiza gitaa kwenye kompyuta. Nilikinunua kikiwa kimetumika kwa shilingi 280,000. Kinakula umeme wa USB, hakina chaja yake. Programu ya kurekodia ni Reaper, ambayo unapewa siku 60 za kuijaribu na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Ya kuiga amplifaya ni Neural Amp Modeler, watu wanaiita NAM, na ni bure kabisa.

Kabla ya hapo nilikuwa nachomeka gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu kwa adapta. Sauti ilikuja kama imefunikwa blanketi, nikadhani pikapu zangu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa, zimekufa. Kumbe zilikuwa nzima. Pikapu ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, ina nguvu ndogo sana, na ikikutana na tundu linaloivuta kwa nguvu, sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Amplifaya ya gitaa huipokea kwa upole, ukinzani wa kama megaohmu 1. Ndiyo maana kwenye Scarlett kuna kitufe cha INST, yaani cha ala kama gitaa. Kibonyeze kabla ya kitu kingine chochote. Usiku wa kwanza sikukibonyeza, na nilikaribia kukirudisha kisanduku kwa aliyeniuzia.

Lakini jambo ambalo lingeniokolea wiki tatu kama ningeambiwa mapema ni la spika. Ile sauti ya gitaa la umeme tuliyokua nayo masikioni, kwa sehemu kubwa ni sauti ya spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 si kama spika ya redio. Ukivuka kama 5 kHz inaporomoka, vile vimlio vya juu haivitoi tena. Ukiingia moja kwa moja kwenye kompyuta, kila kitu kinapita: pleki inavyogusa waya, kucha, kidole kinavyoteleza. Gitaa safi linakuwa kavu, kama mtu anagonga meza kwa penseli. Ukiongeza mkwaruzo kidogo linakuwa nyuki ndani ya kopo. Wengi wanafika hapo, wanasema "hii ni sauti ya kompyuta," wanaacha. Nami nilibadilisha amplifaya za NAM kumi na kitu nikitafuta dawa mahali isipokuwepo.

Dawa ni faili la spika, lile linaloitwa IR. Ni sauti fupi sana, haifiki hata sekunde moja, iliyonaswa kutoka kwenye spika halisi kwa maiki halisi, na programu inaitumia kuipa sauti yako umbo la spika ile. Mara ya kwanza nilipoiweka nilikaa kimya. Nilikuwa sijagusa nobu hata moja, na gitaa lilikuwa limerudi kuwa gitaa. Tangu hapo nimejifunza kuchagua spika kwanza, amplifaya baadaye.

NAM yenyewe ni kazi ya Steven Atkinson, na msimbo wake uko wazi. Mtu mwenye amplifaya yake anapitisha ndani sauti maalumu ya majaribio, anarekodi inavyotoka, kisha kompyuta inajifunza tofauti ya kilichoingia na kilichotoka. Wewe unapakua faili dogo tu. Kumbuka kwamba umepewa amplifaya ile jinsi nobu zake zilivyokuwa siku ile, kwa hiyo ukitaka mpangilio mwingine unatafuta faili jingine. Kwa ridhimu nimetulia kwenye Roland JC-120, amplifaya ya transista iliyotoka 1975, isiyo na valvu hata moja, safi kama maji. Kwa solo la pili natumia Fender Twin Reverb na mwangwi kidogo. Nashusha geini ya kisanduku mpaka mapigo yangu makali yafike kama -12 dB, taa ya kijani isigeuke nyekundu.

Sasa kuna mzee wetu wa solo kwenye bendi, aliyeanza kupiga kabla sijazaliwa. Nilimpelekea ridhimu niliyorekodi juu ya ngoma. Nikamwamkia, nikampa hedfoni. Kuhusu sauti hakusema neno. Alisikiliza mpaka chemko lilipoanza, akazivua.

"Mwanangu, mkono wako uko nyuma ya ngoma. Jumamosi ukumbini hukuwa hivi."

Alikuwa sahihi. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inaijaza kwanza kwenye ndoo, inayoitwa bafa, ndipo inaibeba. Bafa yangu ilikuwa sampuli 1024, yaani vipande 1024 vya sauti, ambayo kwa 48 kHz (vipande 48,000 kwa sekunde) ni milisekunde 21 za kuingia na 21 nyingine za kutoka. Hewani sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo ilikuwa kama napiga huku amplifaya iko mita 14 mbele yangu. Vidole vilikuwa vinaisubiri sauti yao. Kwenye wimbo wa taratibu unaweza usione, lakini ridhimu ya chemko haina nafasi ya kusubiri.

Niliacha draiva ya kawaida ya Windows, ile programu inayounganisha kisanduku na kompyuta, nikaweka ya ASIO ya Focusrite, inayopitisha sauti haraka zaidi, nikashusha bafa hadi 128. Sasa ni chini ya milisekunde 3 kila upande, na ukijumlisha muda wa kisanduku chenyewe inafika kama 10, sawa na amplifaya iliyo mita 3 na ushee nyuma yako jukwaani. Hapo napiga kama mimi. Nikiweka 64 laptopu yangu inaanza kukatakata. Pia zima kitufe cha Direct Monitor unaposikiliza kupitia NAM, la sivyo utasikia magitaa mawili, moja kavu, jingine likifuata nyuma yake.

Mvumo wa umeme, ule wa 50 Hz, ulinisumbua sana kwa sababu soketi za nyumba yetu hazina waya wa ardhini na gitaa langu lina pikapu za koili moja, zinazonasa mvumo kirahisi. Sikununua kitu. Nachomoa chaja, narekodi kwa betri, nageuza mwili mpaka gitaa litulie. Hata umeme ukikatika katikati ya wimbo naendelea.

Kitu kimoja nakikosa, nacho ni msukumo wa spika nyuma ya miguu. Ukumbini noti ndefu inarudi kwenye waya, gitaa linaimba lenyewe. Kwa hedfoni hairudi. Kwa ridhimu halinisumbui, ila solo zenye noti za kuvuta bado nazisubirisha hadi nipate ukumbi mchana. Wapiga besi hawana shida hii, wao wamezoea kuchomeka moja kwa moja siku nyingi.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba Reaper inahifadhi gitaa kavu, na amplifaya inakaa juu yake bila kuligusa. Wimbo wa dakika 5 ni kama MB 43 kwa gitaa moja. Rafiki yangu yuko Mwanza, namtumia kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama sauti, maana ukituma kama sauti inabanwa. Juzi alinirudishia ridhimu yangu ikiwa na spika nyingine kabisa, nzito zaidi, na mapigo yote ni ya mkono wangu. Tumeiacha hiyo.