Uchambuzi wa albamu: Almost Blue ya Elvis Costello na The Attractions

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Santuri niliyoishika hapa ni Almost Blue, ambayo Mwingereza Elvis Costello na bendi yake, The Attractions, waliitoa Oktoba 1981. Nakala za kwanza zilizouzwa Uingereza zilibandikwa onyo kwamba ndani mna kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, hivyo msikilizaji mwenye fikra finyu ajihadhari. Ulikuwa utani, ila haukukosa sababu, kwani Costello alikuwa amejijengea jina kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe, zenye mwendo wa kasi na maneno ya kuchoma, na hapa ameziweka zote kando akaimba nyimbo 12 za watu wengine, wakiwemo Hank Williams, Merle Haggard na Gram Parsons. Wengi wetu tuliokulia karibu na redio iliyopiga Jim Reeves na Kenny Rogers tusingehitaji kuonywa.

Kazi ilirekodiwa Nashville, Marekani, kitovu cha muziki wa kantri, mwezi Mei mwaka huohuo, chini ya Billy Sherrill, mtayarishaji aliyesimamia "Stand by Your Man" ya Tammy Wynette. Steve Nieve yuko kwenye piano, Bruce Thomas kwenye besi, Pete Thomas kwenye dramu, na mgeni wao John McFee anapiga gitaa pamoja na lile gitaa la chuma linalolazwa, ambalo mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku akikanyaga pedali, na sauti ikavutika kama mtu anayejizuia kulia.

Wimbo wa kunifanya niitetee albamu hii ni "Good Year for the Roses", uliotungwa na Jerry Chesnut na kuimbwa kwanza na George Jones. Mke ameondoka. Mume amebaki akitazama vipande vya sigara vyenye alama za rangi ya mdomo, na kikombe cha kahawa ambayo mwenzake aliimimina asiinywe. Nyasi za uani zimerefuka na hana habari nazo. Mlango unapofungwa, neno pekee linalomtoka ni kwamba mwaka huu waridi zimestawi. Sherrill amezungusha vinanda vya nyuzi na sauti za waitikiaji, utamu ambao pengine ungenikera, lakini Costello anaimba kwa koo lililobana, bila kuomba huruma, na ubaridi huo ndio unaozuia wimbo usigeuke maombolezo. Nchini Uingereza wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati.

"I'm Your Toy" wa Parsons na Chris Ethridge nao umeimbwa kwa unyenyekevu ambao sikuutarajia, na "Sweet Dreams" unabebwa na piano ya Nieve.

Kasoro iko kwenye nyimbo za kukimbia. "Why Don't You Love Me", unaofungua albamu, hautimizi hata dakika mbili, nao umepigwa mbiombio kana kwamba bendi inauonea haya muziki iliyousafiria mbali kiasi hicho. Ule mzaha wa Hank Williams, wa mume anayelalamika kwamba hapendwi tena kama zamani, unahitaji nafasi ya kupumua, na hapa haukuipata. "Honey Hush" una nguvu, ila umeingia kama mgeni aliyekosea harusi.

Anayependa kusikia majaribio na nyimbo zilizoachwa atafute toleo la kampuni ya Rhino la 2004, lenye diski mbili. Mimi nimetosheka na albamu yenyewe. Ukiipata santuri, anza na upande wa pili, kwa sababu wimbo wa waridi ndio unaoufungua, na upande wa kwanza ukishauweka, vusha sindano moja kwa moja hadi wimbo wa pili.