Mbunge mkongwe: umpime kwa Hansard au jukwaani?

Huku Mtwara mbunge wa vipindi vitatu hupimwa zaidi jukwaani: anakumbuka majina ya wazee, anajua bei ya korosho ghalani, anachekesha. Lakini jukwaani nani asiyemtetea mkulima? Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ni kavu, inachosha, ila haina makofi ya kukodi. Fungua ya Juni 2018, Bunge lilipopitisha mabadiliko ya sheria yaliyopeleka Hazina ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyokuwa ikienda kuendeleza zao lenyewe: nani alipinga, nani alinyamaza? Kura zenyewe ni ngumu kufuatilia, maana miswada mingi huamuliwa kwa sauti za “ndiyo” na “siyo”. Kwenye bajeti ndiko wabunge huitwa mmoja mmoja kwa jina. Mie naanza na Hansard. Jukwaani nitakwenda na maswali.