Uzoefu wangu na kipimo cha mkononi cha pH na EC katika kilimo cha nyanya kwenye kokopiti

Ninalima nyanya ndani ya kitalu nyumba karibu na Usa River, mkoani Arusha. Miche yangu imo kwenye mifuko ya kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, na maji yenye mbolea huifikia kwa matone. Ninaandika haya kwa ajili ya mkulima anayejiuliza kama fedha yake iende kwenye kipimo cha mkononi cha pH na EC au kwenye mfuko mwingine wa mbolea. Jibu langu ni kwamba iende kwenye kipimo, mradi awe tayari kupima maji yanayotoka chini ya mfuko, na si yale ya kwenye tangi peke yake.

Shamba la kawaida lina mfinyanzi na mboji, navyo humpunguzia mkulima makali ya kosa la siku moja. Kokopiti haina ulinzi wa kiasi hicho. Kinachoingia na maji hufika kwenye mizizi karibu kama kilivyo, na kisichonyonywa hubaki humo na kurundikana. Ndiyo maana namba mbili zinatosha kueleza mengi: pH, inayoonyesha kama maji yana uchachu (chini ya 7) au yana magadi (juu ya 7), na EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, inayoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, mbolea ikiwa mojawapo. Kwa nyanya kwenye kokopiti, pH ya kati ya 5.5 na 6.5 ndiyo inayofaa. Ikipanda zaidi ya hapo, madini ya chuma huwa magumu kupatikana hata kama yamewekwa ya kutosha.

Kwa huku kwetu jambo hili si la nadharia. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floridi iliyowaachia wenyeji wengi meno ya kahawia, na pia yana magadi. Kisima ninachotumia hutoa maji ya pH 8.3 kabla ya kutiwa chochote. Kinachosumbua zaidi si hiyo namba bali wingi wa bikaboneti, chumvi ya magadi inayoimeza asidi, ulio nyuma yake, kwa kuwa maji ya visima viwili yanaweza kusoma pH ileile na bado yakahitaji asidi kwa viwango tofauti kabisa. Hakuna jedwali litakalomwambia mkulima atie mililita ngapi. Mimi hujaza ndoo ya lita 20, nikatia asidi ya nitriki iliyozimuliwa kidogo kidogo kwa siringi huku nikikoroga na kupima, hadi kipimo kisome 5.8, kisha ninakokotoa kiasi cha tangi zima. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na glavu na miwani ya kukinga macho si mapambo. Kazi hii huitangulia mbolea, kwa sababu bikaboneti ikikutana na kalsiamu kwenye maji yenye pH ya juu hutengeneza ule ukoko mweupe unaoziba vitoneshi.

Hadi hapo hata karatasi za kupimia zenye kubadilika rangi zingeweza kusaidia. Thamani ya kifaa niliiona pale majani machanga ya juu yalipogeuka manjano, mishipa ikibaki kijani kibichi kana kwamba imechorwa kwa kalamu, wakati majani ya chini yalikuwa mazima. Hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma. Jirani alinishauri niongeze mbolea ya majani. Tangi lilisoma pH 5.8 na EC 2.2 kwa mS/cm (milisimensi kwa sentimita), namba nzuri zote mbili. Niliweka sahani chini ya mfuko mmoja baada ya umwagiliaji wa asubuhi, nikayakinga maji yaliyochuruzika, nikatumbukiza kipimo humo: pH 7.1, EC 3.9. Mizizi haikuwa ikiishi kwenye maji niliyoyachanganya, ilikuwa ikiishi kwenye maji mengine kabisa.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba nitrojeni karibu yote niliyokuwa nikiitoa ilikuwa ya naitreti, na mmea unaponyonya naitreti hupandisha pH ya eneo la mizizi, ilhali amonia huishusha. Sehemu ndogo ya amonia katika mchanganyiko ilirekebisha hilo, na ninasisitiza ndogo, kwa sababu amonia ikizidi hushindana na kalsiamu na nyanya huanza kuoza kitako. Ya pili ni umwagiliaji wa kubana maji: kilichokuwa kikitoka chini ya mfuko kilikuwa kidogo mno, kwa hiyo chumvi, hasa sodiamu ya kisima, zilibaki na kujikusanya. Sasa ninaacha robo hivi ya maji ichuruzike, na ninachanganya maji ya kisima na ya mvua kila tangi la mvua linaporuhusu. Majani yaliyokuwa manjano hayakurudi kijani kikamilifu, lakini yaliyochipua baada ya hapo yalikuwa na rangi yake. Kipimo kilichosoma tangi tu kisingenionyesha lolote kati ya haya, na nilichoshauriwa kununua kingeongeza chumvi juu ya chumvi.

Kipimo hichohicho kilinifaa hata kabla ya kupanda. Kokopiti inatokana na minazi, mingi ikiwa ya pwani, na huweza kuja na sodiamu, potasiamu na kloridi nyingi. Tofali la kilo 5 lililolowekwa na kuumuka huoshwa kwa maji safi hadi EC ya maji yanayotoka ikaribie ile ya maji yanayoingia. Kuosha peke yake hakutoshi, kwani sodiamu na potasiamu nyingine zimeshikiliwa na nyuzi zenyewe. Hizo hung'olewa kwa kuiloweka kokopiti kwenye kalsiamu naitreti usiku kucha, kisha kuisuuza tena. Asiyefanya hivyo ataona kokopiti ikimnyang'anya kalsiamu ya mbolea katika majuma ya mwanzo, wakati mche unaihitaji sana.

Nije kwenye kifaa chenyewe. Skrini inasomeka hata juani na mwili wake haupitishi maji. EC hutolewa ikiwa imekwisha kurekebishwa kuwa ya nyuzijoto 25, jambo la maana kwa sababu maji ya asubuhi ya Meru na yale ya mchana ndani ya kitalu nyumba ni tofauti sana. Upande wa EC haujanisumbua hata kidogo. Upande wa pH ndio unaodai matunzo, na kijitabu cha maelezo kimelipitia jambo hili juu juu kuliko inavyostahili. Kile kigololo cha kioo kwenye ncha hakitakiwi kukauka, wala hakihifadhiwi kwenye maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi. Hukaa kwenye kimiminiko cha potasiamu kloridi kinachouzwa kwa kazi hiyo. Kikianza kujibu polepole, mara nyingi kinakuwa na utando mweupe wa chumvi, unaotoka kwa asidi nyepesi na kwa kukitikisa majini, si kwa kukisugua. Kila juma ninakisawazisha kwa bafa, yaani kimiminiko chenye pH inayojulikana, ya 7 kwanza, kisha ya 4, nikiimimina kidogo kwenye kikombe na kuimwaga baada ya matumizi, kwa sababu bafa iliyorudishwa kwenye chupa haiaminiki tena. Gharama ya bafa hizi haionekani kwenye bei ya dukani, lakini ni ya kudumu.

Lalamiko langu kubwa linahusu ppm (sehemu kwa milioni), njia nyingine ya kutaja wingi wa chumvi. Kifaa kilikuja kimepangwa kuonyesha ppm kwa kuizidisha EC mara 500, wakati mwongozo wa mbolea niliokuwa nao ulitumia mara 700. Anayetafuta ppm 1400 kwa mpango wa pili anakusudia EC ya 2.0, lakini kifaa hiki kitamfikisha EC ya 2.8, na kwa mche mchanga hiyo ni kuunguza mizizi. Nilibadilisha mpangilio uonyeshe EC kwa mS/cm na nimeuacha hapo. Watengenezaji wangefanya vyema kuanzia huko.

Mwenye mifuko michache anayetumia maji ya mvua pekee anaweza kuanza na dawa za matone za kupimia pH. Mwenye kitalu nyumba kizima na maji ya kisima cha ukanda huu anahitaji kifaa, na achague chenye elektrodi (ile ncha ya kupimia) inayobadilishwa, kwa sababu elektrodi ya pH huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili hata ikitunzwa vizuri. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji kama anazo elektrodi za akiba na bafa, kisha aangalie tarehe ya kutengenezwa kwenye boksi la elektrodi, kwa kuwa huzeeka hata ikiwa rafuni bila kutumiwa.